Somo: Kuchukua tishu za mfugo aliyekufa hadi zisomwe kwa hadubini

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea chupa ya maji ya nusu lita, ile yenye shingo nyembamba. Ndani mna vipande viwili vinene vya ini la ndama, vimesukumwa kwa kidole hadi chupa ikajaa, na formalini kidogo, ile dawa ya kuhifadhi tishu zisioze, imezunguka pembeni. Vilipoingia vilikuwa laini. Sasa vimekaza kama soli ya kiatu, havitoki. Tukaikata chupa kwa kisu. Kwa nje lile ini lilikuwa la kijivu, limeiva vizuri kwa dawa. Nilipolipasua katikati, jekundu, na linanuka. Ndama ametoka Subukia, mwenyewe ameshatoa nauli, na jibu nililomwandikia ni mstari mmoja tu: tishu zimeoza, hazisomeki.

Ndiyo maana ya somo hili. Hadubini huonyesha kile ulichokileta, na ugonjwa mwingi tunaupotezea pale pale bomani, matatu haijaondoka. Kupasua mzoga ni kazi ya daktari wa mifugo au msaidizi wake aliyesajiliwa. Wewe mfugaji soma ili ujue cha kumwuliza akija.

HATUA YA KWANZA: Tazama mzoga kabla ya kutoa kisu

Mnyama jana jioni alikuwa anakula, asubuhi amekufa. Tumbo limefura upesi, miguu haijakakamaa sawasawa, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma. Rudisha kisu mfukoni. Huyo mhesabu kuwa ana kimeta. Bakteria wa kimeta akipata hewa hujifunga ndani ya mbegu ngumu, na mbegu hizo hukaa udongoni miaka na miaka. Ukipasua, umelima na kupanda kimeta boma zima. Sisi wa Nakuru hatuhitaji kuhadithiwa: mwaka 2015 nyati zaidi ya 100 walikufa kwa kimeta kwenye Hifadhi ya Ziwa Nakuru.

Kinachotakiwa ni tone la damu ya mshipa wa sikio, lipakwe kwenye slaidi, kile kioo chembamba cha hadubini, na kukauka, mkono ukiwa ndani ya glavu. Maabara tunaipaka rangi ya methilini bluu iliyokomaa. Bakteria wanatokea kama vijiti vya bluu vyenye ncha bapa, vimefuatana kama mabehewa, kila kimoja kimevishwa utando wa waridi. Ukiviona hivyo huna haja ya kuona kingine. Mwite afisa wa mifugo, mzoga uchomwe au uzikwe kwa kina. Nyama isiliwe, hata kama ni Desemba.

HATUA YA PILI: Slaidi za kupaka kwanza, formalini baadaye

Hapa ndipo wengi hupitia mbio, na ndipo penye majibu ya haraka kuliko yote.

Ng'ombe aliyekufa na homa na matezi yaliyovimba, kuanzia Bahati hadi Bungoma, shaka ya kwanza ni ndigana kali, ile wengi tunaita ECF. Huletwa na kijidudu Theileria parva, na mbebaji wake ni yule kupe wa kahawia anayependa masikio. Tafuta tezi iliyo chini ya sikio au ile ya mbele ya bega. Ikate katikati kwa wembe mpya. Uso uliokatwa ukaushe kidogo kwa karatasi laini hadi uache kung'aa kwa damu, kisha uguse slaidi mara tatu nne kwa mstari, taratibu, kama karani anayepiga muhuri. Usiburute, usikandamize. Ukiburuta seli zinapasuka na utabaki unatazama uzi wa zambarau tu.

Acha ikauke kwa hewa. Itumbukize kwenye methanoli dakika 5. Halafu rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 30, suuza kwa maji, simamisha ikauke. Weka tone la mafuta na lenzi ya 100. Unachotafuta ni chembe nyeupe ya damu, limfosaiti, ambayo pembeni mwa kiini chake, ndani ya ule uji wa bluu hafifu, kuna nukta nyingi za zambarau nyekundu zimekusanyika kama mbegu za pasheni. Hiyo ndiyo skizonti, yaani Theileria akiwa anajigawa ndani ya seli. Robert Koch alizieleza zaidi ya miaka 100 iliyopita na hadi leo vitabu vinaziita kwa jina lake. Mnyama akiwa bado hai, maji ya tezi huvutwa kwa sindano na kupakwa vivyo hivyo, na hapo jibu linaweza kumwokoa.

Mbuzi au kondoo aliyekufa akipiga teke hewani na kuzunguka, na moyo umekutwa umeogelea kwenye maji, mfikirie maji moyo. Huyo usihangaike na damu. Toa kipande cha ubongo, ile sehemu ya kijivu, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kiponde katikati ya slaidi mbili, uivute moja taratibu. Kwa Giemsa utaona mishipa midogo imelala kama nyuzi, na ndani ya seli za kuta zake, karibu na kiini, kifungu cha punje za zambarau.

Sasa kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitoka Nyando na slaidi 20 nilizozipaka kwa uangalifu wote, nikazipanga kwenye boksi moja na mitungi ya formalini. Mvuke ukapenya. Nilipopaka Giemsa, kila kitu kikatoka kijani-bluu chafu, kiini hakijulikani na uji haujulikani. Slaidi 20! Tangu siku hiyo formalini husafiri kwenye buti ya gari, na slaidi zangu mapajani.

HATUA YA TATU: Kukata na kutia formalini

Formalini ya dukani huwa na formaldehaidi asilimia 37 hadi 40. Chukua sehemu 1, ongeza maji sehemu 9. Ukiwa na mizani, kwa kila lita ongeza gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za disodiamu haidrojeni fosfeti, ili isiwe na asidi. Ikiwa na asidi, tishu zenye damu nyingi hujaa madoa ya kahawia nyeusi, na msomaji hukaa akijiuliza kama ni ugonjwa. Changanya nje penye upepo. Inachoma macho na koo, na ni dawa inayosababisha saratani, si ya kuzoeana nayo.

Kipande kisizidi sentimita 1 kwa unene, nusu sentimita ni bora. Formalini hupenya kwa takribani milimita 1 kwa saa, na kadiri inavyoingia ndani ndivyo inavyozidi kuchoka. Ini la yule kijana lilikuwa unene wa ngumi. Hesabu mwenyewe.

Dawa iwe mara 10 ya tishu, na mtungi uwe wa mdomo mpana. Mtungi wa siagi ya njugu unafaa kabisa. Kata pale ambapo sehemu mbovu inakutana na nzima, usichukue katikati ya usaha. Toa mapafu, ini, figo, bandama, moyo na tezi hata kama ulikuwa na shaka na kiungo kimoja tu. Utumbo ndio wa kwanza kuoza, ngozi yake ya ndani huharibika ndani ya dakika chache, kwa hiyo ufungue na uanze nao. Mapafu huelea, yafunike kwa pamba ili yazame.

Barua iandamane na mtungi: umri, chanjo, siku za kuugua, dawa alizopewa, wangapi wamekufa, saa ya kufa na saa ya kupasua. Andika kwa penseli. Formalini ikimwagika, wino wa kalamu unaondoka na jina la mwenye ng'ombe.

HATUA YA NNE: Yanayofanyika maabara

Nitapita haraka. Baada ya siku moja au mbili kwenye formalini, tishu hutolewa maji kwa alkoholi inayozidi nguvu, ikapita kwenye zailini, kemikali inayoondoa ile alkoholi, ikanyweshwa nta ya parafini iliyoyeyuka na kugandishwa kuwa kitofali. Mashine ya mikrotomu hukikata kwa unene wa mikromita 4 au 5, ambapo unywele wako una takribani 70. Kile kipande huelea juu ya maji ya uvuguvugu kama utando wa chai, tunakizoa kwa slaidi. Hematoksilini hupaka viini bluu, eosini hupaka vilivyobaki waridi.

Mapafu ya ndigana kali yakifika hapo hayana siri. Vile vifuko vya hewa vinavyopaswa kuwa vitupu vimejaa maji ya waridi, na limfosaiti zimezunguka mishipa. Ng'ombe amezama kwenye maji yake mwenyewe akiwa amesimama malishoni. Lile povu ulilolikuta kooni ndiyo hayo maji.

MASWALI YA WANACHAMA

Mfugaji, Rongai: Daktari, formalini huku hakuna. Nikiweka kwenye friza?

Jibu: Mimi ni mtu wa maabara, lakini mmeshazoea kuniita hivyo. Friza hapana. Maji yaliyo ndani ya seli yanakuwa barafu, barafu inazipasua, na kwa hadubini naona matundu matupu. Funga vipande kwenye mfuko usiovuja, uweke kwenye friji ya kawaida au boksi lenye barafu, vifike siku hiyo hiyo. Nakuru tuna maabara ya uchunguzi wa mifugo ya serikali, wa upande wa Kericho na Eldoret pia wanazo. Na zile slaidi za kupaka hazihitaji barafu wala formalini.

Mama Kuku, Bahati: Kuku wangu wa wiki 14 wanalemaa, mguu mmoja mbele mwingine nyuma. Wanane wamekufa. Nitume nini?

Jibu: Pole sana mama. Ukiweza lete wawili watatu wagonjwa wakiwa hai, ndiyo sampuli nzuri kuliko zote. Ukishindwa, daktari wako atoe mishipa ya fahamu ya mapaja, yote miwili, maana mara nyingi mmoja unanenepa na mwenzake mzima. Aulaze juu ya kipande cha kadibodi ndipo autie formalini, usije ukajikunja. Aongeze ini, bandama na kile kifuko kilicho juu ya njia ya kutokea kinyesi. Kwa maelezo yako nashuku Marek, ugonjwa wa virusi unaovimbisha mishipa ya fahamu. Kwa hadubini mshipa utakuwa umejaa limfosaiti za ukubwa tofauti tofauti. Ule ugonjwa mwingine wa uvimbe unaofanana nao, leukosi, hupendelea kuku waliopita wiki 16, seli zake zinalingana, na mishipa ya miguu huwa haiguswi. Chanjo ya Marek hutolewa kifaranga akiwa wa siku moja, kwa hiyo mwulize aliyekuuzia.

Mwanafunzi, Ahero: Mwalimu, mbwa amemwuma mtoto wa jirani jana, watu wakamwua. Ubongo niutie formalini?

Jibu: Mtoto kwanza. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali leo aanze chanjo, msingoje jibu la maabara. Kichwa cha mbwa kisipondwe, kifungwe mifuko miwili au mitatu, kiwekwe kwenye barafu, na afisa wa mifugo akitume. Usikifungue mwenyewe. Kipimo kinachoaminika kinatumia kingamwili zinazong'aa na kinahitaji ubongo mbichi. Zamani tulitegemea vile vidoa vya Negri vya ndani ya seli za ubongo, vilivyogunduliwa mwaka 1903, na bado tukiviona tunasema ni kichaa cha mbwa. Lakini tusipoviona hatuwezi kusema mbwa alikuwa mzima.

Mwanachama, Kakamega: Jibu linachukua siku ngapi?

Jibu: Slaidi ya kupaka, siku hiyo hiyo. Ya formalini, usipige simu kabla ya wiki kuisha.

Mzee wa Molo: Mimi nilifanya yote haya. Tishu nzuri, mtungi mpana, barua ndefu. Wakaniandikia hakuna mabadiliko yaliyoonekana. Fedha zangu zimeliwa?

Jibu: Hazikuliwa, mzee. Viungo vilisomwa vikakutwa vizima, kwa hiyo ndigana na nimonia zimeondoka kwenye hesabu. Kuna vifo visivyoacha alama kwenye tishu. Ng'ombe alikuwa wa maziwa? Alizaa lini?

Mzee wa Molo: Alizaa Jumanne usiku. Alhamisi akalala chini, shingo ameikunja ubavuni, masikio baridi. Ijumaa alfajiri akafa.

Jibu: Mzee, barua yako ndefu ilikuwa na habari ya kuzaa?

Mzee wa Molo: Hapana. Niliandika habari za kupe.

Jibu: Basi hiyo inafanana sana na homa ya maziwa. Kalsiamu ilishuka kwenye damu, na kalsiamu haipakiki rangi tukaiona. Akizaa mwingine akalala hivyo, usingoje alfajiri, mwite daktari usiku ule ule aje na chupa ya kalsiamu ya mshipa.