Namna ya Kuandaa Chai ya Asubuhi Inayokubalika Mtwara na Lindi

Anayehamia Mtwara au Lindi kikazi, hasa akitoka katika mji ambao asubuhi yake ni mkate na chai ya maziwa, huenda akashangaa kukaribishwa chai na kukuta mkekani sinia la muhogo wa kuchemsha, bakuli la samaki wa jana na birika la chai ya rangi. Kwa wenyeji hakuna cha kushangaza hapo. Anayesema "karibu chai" anakualika kula, chai yenyewe ni kishushio tu, na kinachoamua kama kitu kinafaa kuliwa asubuhi ni uwezo wake wa kumfikisha mtu adhuhuri akiwa shambani, baharini au chini ya mikorosho akiokota korosho. Maelezo haya ni kwa yule anayetaka kuandaa asubuhi ya namna hiyo nyumbani kwake, na kumkaribisha jirani bila kuona haya.

Anza na muhogo, kwa sababu ukiuweza huo mengine ni mepesi. Unaofaa kuchemshwa na kuliwa ni muhogo mtamu, wakati ule mchungu hulimwa kwa ajili ya makopa (vipande vilivyokaushwa) na unga, na kwa kuwa si rahisi kuitofautisha aina hizo kwa macho, muulize muuzaji waziwazi kama anaouza ni wa kuchemsha. Hatakuona mshamba, kwani hata wenyeji huuliza. Mwombe avunje ncha ya mmoja: ukiona nyama yake ni nyeupe safi, nunua, na ukiona michirizi ya buluu au nyeusi, jua kwamba umeng'olewa siku mbili tatu zilizopita na umeshaanza kuharibika. Ukifika nyumbani ondoa ganda la nje la kahawia pamoja na lile nene la ndani, kwa maana viasili vinavyotoa sumu ya sianidi hujaa zaidi kwenye ganda kuliko kwenye nyama. Kata vipande vya urefu wa kidole, vipasue katikati, toa ule mzizi mgumu kama uzi unaopita ndani yake, kisha vichemshe kwa maji mengi yenye chumvi, sufuria ikiwa wazi, kwa dakika 20 hadi 30. Muhogo mzuri hupasuka wenyewe unapoiva. Mwaga maji hayo yote, wala usiyatumie kwa mchuzi.

Ungeweza kuishia hapo na kuula mkavu kwa chachandu ya pilipili na ndimu, na wengi hufanya hivyo siku za kazi. Kwa mgeni, hata hivyo, weka nazi. Kilo moja ya muhogo inatosha nazi moja kubwa, ambayo utaikuna kwa mbuzi na kuikamua mara mbili, ukitenga tui zito na tui jepesi. Rudisha muhogo jikoni na tui jepesi, kitunguu na pilipili nzima isiyopasuliwa, uache mpaka tui likaribie kukauka, ndipo umimine tui zito kwa moto mdogo huku ukilikoroga taratibu, kwani likichemka kwa nguvu litakatika na kuacha mafuta yanayoelea juu. Epua likiwa bado majimaji kidogo, kwa sababu muhogo huendelea kulinywa hata baada ya kutoka jikoni.

Anayetaka kupika uji wa unga wa muhogo asubuhi anapaswa kuwa mwangalifu zaidi. Mkoa wa Mtwara ulipata wagonjwa wengi wa konzo mwanzoni mwa miaka ya 2000, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na kuiacha hivyo maisha yote, nao huwapata zaidi watu wanaotegemea muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri, hasa wakati wa ukame au njaa, mboga zenye protini zinapokuwa adimu. Kama huna hakika na unga ulionunua, uloweshe kwa maji, uutandaze kwenye chombo kipana kwa unene usiozidi sentimita moja, uuache kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini ili sumu ipotelee hewani, kisha uupike siku hiyohiyo.

Samaki asubuhi ni jambo la kawaida kabisa. Aliye Mtwara mjini hununua kwenye soko la samaki la Feri, na watu wa pwani hawaoni tofauti kubwa kati ya samaki wa kukaanga wa saa moja asubuhi na yule wa saa saba mchana. Vitumbua, maandazi na chapati navyo vina heshima yake, hasa vikiambatana na mbaazi za nazi, na msafiri aliyeko stendi hujipatia chapati na supu bila mtu kumshangaa. Kwa maoni yangu mbaazi hushinda vyote hivyo, lakini ziloweke tangu usiku.

Ming'oko inahitaji neno la pekee. Ni viazi vyembamba vya porini ambavyo huchimbwa, huoshwa mchanga, huchemshwa na maganda yake kwa chumvi, kisha kila mtu humenya vyake kwa vidole huku akinywa chai. Vinunue kwa wanaovijua na usijaribu kwenda kuchimba mwenyewe, kwa sababu porini humohumo kuna ndiga, kiazi kingine cha porini, ambayo ina sumu na hailiwi mpaka iloweshwe kwa siku kadhaa na kubadilishiwa maji.

Kiporo hakina aibu, na wali wa nazi wa jana uliopashwa moto na kuliwa kwa maharage ni asubuhi kamili ya familia nyingi. Tatizo ni joto la pwani, ambalo huchachusha nazi usiku mmoja tu. Wali ukibaki, utandaze upoe haraka na uuweke kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita, na kama huna friji, usiuweke kabisa, kwa sababu vimelea vinavyoota ndani ya wali uliolala huacha sumu isiyokufa kwa kupashwa moto. Mgeni wa mara ya kwanza, kwa vyovyote, usimpe kiporo.

Akifika, mtangulize maji ya kunawa, na kama ni mzee mwamkie shikamoo kabla hujamwonyesha sinia. Usimtanie kuhusu panya wa mashambani, ambao huliwa na baadhi ya watu wa huku kama kitoweo cha ugali, kwa kuwa utani huo umewachosha wenyeji na wengi wao, hasa Waislamu, hawali. Mwezi wa Ramadhani usimwalike mtu chai ya asubuhi wala usile hadharani. Muhogo uleule wa nazi, uliopikwa kwa namna ileile, upeleke kwa jirani jioni kabla ya adhana ya magharibi, ukiwa umefunikwa kwa kawa.