Jinsi ya Kupanga Antena Nyingi kwenye Kiungo cha Vilima Vinavyoonana Bukavu

Bukavu imejengwa juu ya vilima na rasi zinazoingia Ziwa Kivu, kwa hiyo fundi anayeunganisha jengo moja na jingine kwa redio hupata mara nyingi kile ambacho miji ya tambarare hukipata kwa minara mirefu: antena mbili zinazoonana bila kizuizi. Mwonekano huo hukuza nguvu ya ishara, lakini kwa anayeongeza antena akitumaini kasi itaongezeka maradufu, unadai upangaji wa makini.

Antena nyingi huongeza uwezo wa kiungo, yaani njia ya redio kati ya majengo mawili, pale tu ambapo kipokezi kinaweza kuitenganisha mikondo ya data inayotumwa kwa pamoja. Katikati ya kuta na mapaa ya mabati, kila mkondo hufika kwa njia zake baada ya kuakisiwa huku na kule, na tofauti hizo ndizo zinazorahisisha utenganishaji. Wimbi lililovuka bonde moja kwa moja, kinyume chake, hufika kwenye antena zilizokaribiana likiwa karibu sawasawa, na kipokezi huona mkondo mmoja ulioimarika.

Tuseme antena moja kila upande inapata ishara inayozidi kelele mara 100, yaani desibeli 20. Kwa kanuni ya Shannon, inayotoa kikomo cha data inayoweza kupita, uwezo wake ni biti 6.7 kwa sekunde kwa kila hezi. Ukiweka antena mbili kila upande, zikiwa zimebanana, huku nguvu ya jumla ya kutuma ikibaki ileile, utapata biti 7.7 tu; lakini zikitenganishwa ipasavyo, utapata 13.3.

Wapo wanaohitimisha kwamba afadhali antena ifichwe nyuma ya ukuta ili miakisiko iongezeke. Ushauri huo haufai. Ukuta ukipunguza ishara kwa desibeli 15, hata mikondo miwili iliyotengana kikamilifu haitazidi biti 4.1. Linda mwonekano kwanza, kisha tafuta utengano.

Njia ya kwanza, ambayo naipendekeza kwa karibu kila kiungo cha mjini, ni kutumia antena ya sahani yenye polaraizesheni mbili: mkondo mmoja unatetemeka kwa wima, mwingine kwa mlalo. Mikondo hiyo hubaki tofauti bila kujali umbali, na sahani moja kila upande inatosha.

Ukihitaji zaidi ya mikondo miwili, ndipo utenganishe sahani kwa nafasi. Kwa sahani mbili kila upande, zilizopangwa sambamba na kuelekeana uso kwa uso, zidisha nafasi kati ya sahani za upande mmoja kwa nafasi kati ya sahani za upande wa pili. Jibu linapaswa kuwa nusu ya urefu wa wimbi mara umbali wa kiungo. Kwenye kilomita 4 na masafa ya gigahezi 5.8, ambako wimbi lina urefu wa sentimita 5.2 hivi, hiyo ni takriban mita 10 kila upande. Kama paa la upande mmoja linaruhusu mita 5 tu, upande wa pili unahitaji takriban mita 21. Kwenye gigahezi 80 zingetosha mita 2.7 kila upande, ila masafa hayo huumizwa sana na mvua kubwa, na Bukavu mvua si haba. Usidhani pia kwamba nafasi kubwa zaidi ni bora daima: jibu hilo la kuzidisha likifika maradufu ya kipimo hicho, mikondo hurudi kufanana.

Pima pia uwazi wa njia. Katikati ya kiungo hicho cha gigahezi 5.8, eneo la kwanza la Fresnel, yaani nafasi inayozunguka mstari wa moja kwa moja ambamo vizuizi hudhoofisha ishara, lina nusu kipenyo cha mita 7 hivi, na angalau asilimia 60 yake iwe wazi, miti ikihesabiwa. Njia ikipita juu ya ghuba, weka antena mahali ambapo ukingo wa paa au wa kilima unakinga wimbi linaloakisiwa na maji, kwa sababu linaweza kulidhoofisha lile la moja kwa moja.

Baada ya kufunga, usitosheke na nguvu ya ishara. Fungua ukurasa wa redio usome mikondo: kwenye vifaa vya 802.11n (kiwango kimoja cha Wi-Fi), namba za MCS, zinazoonyesha jinsi data inavyotumwa, 0 hadi 7 zinaonyesha mkondo mmoja, na 8 hadi 15 mikondo miwili. Ishara ikiwa nzuri na namba ikabaki chini ya 8, kagua kebo ya kila polaraizesheni kabla ya kugusa mwelekeo wa sahani.