Swichi ya ESC: lini uizime, uizime vipi, na uiwashe lini

Wanafunzi wangu wa udereva huniuliza sana: mfumo wa kudhibiti uthabiti wa gari, yaani ESC, niuzime au niuache? Barabarani, uache. Uzime gari linapokwama na kushindwa kutoka, kisha uuwashe likishatoka. Zipo hali nyingine chache, nitazigusa mbele.

Hatua ya 1: Elewa unachokizima

ESC hulizuia gari lisiserereke. Sensa moja husoma umezungusha usukani kiasi gani, nyingine hupima gari lenyewe linageuka kiasi gani, na kila gurudumu lina sensa yake ya mwendo. Kompyuta huangalia kama gari linaelekea kule dereva anakotaka. Likikataa, hufunga breki ya gurudumu linalohitajika peke yake na kupunguza nguvu ya injini. Mkia ukianza kutoka nje ya kona, hushika gurudumu la mbele la upande wa nje. Pua ikigoma kugeuka, hushika la nyuma la upande wa ndani.

Hapa ndipo ninapopingana na madereva wanaosema mikono yao inatosha. Hata uwe hodari namna gani, una pedali moja tu ya breki, nayo hukamata magurudumu yote kwa pamoja. Hakuna mguu unaoweza kushika gurudumu la mbele kushoto na kuyaachia mengine matatu.

Mfumo huu uliingia sokoni mwaka 1995 katika Mercedes-Benz S-Class, kwa ushirikiano na Bosch. Mwaka 1997 gari dogo la A-Class lilipinduka huko Uswidi katika jaribio la kukwepa kizuizi cha ghafla, na baada ya hapo kampuni ikaamua kila A-Class iwe na mfumo huo. Umoja wa Ulaya umeulazimisha kwa magari yote mapya tangu Novemba 2014, na Marekani kwa magari madogo kuanzia modeli ya 2012. Taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, imeona kuwa hatari ya ajali ya kifo inayohusisha gari moja hupungua kwa karibu nusu. Hiyo ndiyo kinga unayoiondoa kwa kidole kimoja.

Hatua ya 2: Zijue swichi na taa zako

Tafuta swichi yenye picha ya gari lililoacha alama mbili za kupindapinda nyuma yake. Kila kampuni ina jina lake: ESP, VSC, DSC. Kazi ni ileile.

Fungua kitabu cha gari usome swichi hiyo inazima nini hasa, maana magari hayafanani. Katika mengi, ukibonyeza mara moja unazima kile kinachozuia magurudumu kuzunguka bure tu. Ukishikilia kwa sekunde kadhaa ndipo ESC nzima inapozimika. Mengine huiwasha tena yenyewe mwendo ukiongezeka, na mengine hayakuruhusu kuizima kabisa.

Taa ikimetameta ukiwa kwenye kona, mfumo unafanya kazi: ulikuwa unaanza kuteleza, ondoa mguu kwenye mafuta. Taa yenye neno OFF maana yake umezima. Ikiwaka bila kumeta na bila OFF, kuna hitilafu.

Hatua ya 3: Umekwama? Jaribu kwanza bila kuzima

Wengi huiruka hatua hii. Gurudumu moja likiwa kwenye tope laini na la pili limeshika ardhi ngumu, nguvu hukimbilia lile linalozunguka bure. Mfumo hulifunga breki, na nguvu ikahamia kwa lenye mshiko. Ukizima kila kitu hapo, unajinyima msaada uliokuwa unauhitaji. Kwa hiyo nyoosha usukani, kanyaga mafuta taratibu, na usiachie mara unaposikia breki zikigongagonga. Zipe muda.

Hatua ya 4: Zima, utoke

Kwenye mchanga mwingi, tope zito au theluji nene mambo hubadilika. Hapo magurudumu yote hupoteza mshiko kwa pamoja, kompyuta inakata nguvu ya injini, na gari linakufa mwendo mahali pabaya kabisa. Sasa zima.

Weka gia ya pili kama gari ni la gia za mkono, maana ya kwanza huzungusha magurudumu kwa nguvu mno. Nenda mbele kidogo, rudi nyuma kidogo, ujitengenezee njia. Magurudumu yakianza kuchimba, acha mafuta papo hapo; kila mzunguko wa bure unalizamisha gari. Shuka, chimba kwa koleo mbele ya magurudumu, weka mbao au mkeka. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi hadi kati ya psi 15 na 20. Mimi huanza na upepo kabla hata ya kugusa swichi, kwa sababu tairi pana hulala juu ya mchanga badala ya kuukata.

Usichomoe fyuzi ili kuzima ESC. Swichi huiacha ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasikwame unapofunga breki, ikifanya kazi, lakini fyuzi inaweza kuondoka nayo.

Hatua ya 5: Washa kabla ya kuongeza mwendo

Ukifika ardhi ngumu simama, washa mfumo, hakikisha neno OFF limetoweka, kisha jaza upepo. Kuzima injini na kuiwasha upya kwa kawaida hurudisha mfumo, lakini mimi huangalia dashibodi kwa macho. Magari marefu yenye kimo yanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa likiserereka kwa ubavu na kugonga ukingo, hupinduka upesi.

Hali nyingine

Baadhi ya vitabu vya gari huelekeza kuzima ukiwa umefunga minyororo ya theluji, au gari likiwa kwenye mashine ya kupimia inayozungusha magurudumu mawili tu. Fuata kitabu. Anayetaka kujifunza gari linavyoserereka atafute uwanja uliofungwa na mwalimu aliyekaa pembeni yake. Mvua, kona na barabara tupu usiku si sababu ya kuzima. Ni sababu ya kuacha mfumo kazini.

Taa ikiwaka yenyewe

Angalia kwanza tairi: zikitofautiana ukubwa au upepo, sensa za mwendo hupotoshwa. Kama betri ilichomolewa au magurudumu yamefanyiwa alaimenti karibuni, huenda sensa ya usukani inahitaji kusetiwa upya. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu. Hadi hapo endesha polepole na uongeze nafasi kati yako na gari la mbele, kwa sababu ABS nayo inaweza kuwa haifanyi kazi.