Mrabaha wa Mbegu Mpya: Njia ya Mtafiti wa Zanzibar

Mtafiti anayetaka kulipwa mrabaha kwa aina mpya ya mbegu aanze kwa kuzuia mauzo. Kwa mujibu wa Mkataba wa UPOV wa 1991, mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea ambao Tanzania ilijiunga nao Novemba 2015, mbegu iliyouzwa nchini kwa ridhaa ya mtafiti zaidi ya mwaka mmoja kabla ya maombi ya haki yake haihesabiwi tena kuwa mpya. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2014, mbali na ile ya Bara ya 2012, na inafaa zisomwe zote mbili. Mbegu hupimwa kama inatofautika na nyengine, mimea yake inafanana, na haibadiliki kizazi hadi kizazi. Ikifaulu, ulinzi hudumu miaka 20, au 25 kwa miti na mizabibu.

Aliyeajiriwa na taasisi ya utafiti wa kilimo kama ile ya Kizimbani aulize mapema haki itaandikwa kwa jina la nani, kwani mara nyingi huwa ni ya mwajiri, na fungu la mtafiti lisipoandikwa halidaiki.

Uzito wote umo katika leseni anayopewa mzalishaji wa mbegu. Mrabaha ukadiriwe kwa kila kilo ya mbegu iliyouzwa. Kwa mfano, shilingi 200 kwa kilo 5,000 za mpunga ni shilingi milioni moja. Mkataba umlazimishe mzalishaji kutoa hesabu kila baada ya msimu, umruhusu mtafiti au wakala wake kukagua vitabu na ghala, na useme leseni inavunjwaje malipo yakichelewa. Huko Uingereza na Ufaransa, mashirika ya BSPB na SICASOV hukusanya mrabaha kwa niaba ya watafiti wengi kwa pamoja, na kwa watafiti wachache kama wa Unguja na Pemba naona hiyo ndiyo njia ya kuifuata.

Muhogo na viazi vitamu ni shida zaidi, kwa sababu vijiti na marando hupita mkono kwa mkono, na mkulima anayepanda chakula cha nyumba yake hadaiwi kitu, jambo ambalo ni haki kabisa. Mtafiti wa mazao hayo apatane malipo ya mkupuo mmoja na mradi unaosambaza mbegu.

Ada ya kudumisha haki ilipwe kwa wakati, kwani isipolipwa haki yaweza kufutwa.