Kuingiza Sauti ya Kiingereza katika Anime: Kutoka Usaili hadi Kibandani

Ukitaka kuingiza sauti ya Kiingereza katika anime, yaani katuni za Kijapani, anza kwa kujifunza kuigiza, maana sauti nzuri peke yake haimpatii mtu kazi. Mwigizaji wa sauti Christopher Sabat anamwigiza Vegeta na pia Piccolo katika anime ya Dragon Ball Z, na kinachowatenganisha wahusika hao wawili ni tabia zaidi ya ukali wa koo.

Kisha rekodi sampuli fupi, isiyozidi dakika moja na nusu, ukitanguliza sauti yako ya kawaida. Studio nyingi za kazi hii ziko Los Angeles, Dallas na Houston, nchini Marekani, ingawa usaili wa awali aghalabu hurekodiwa nyumbani.

Ukipata nafasi, utaingia kibandani, yaani chumba kidogo cha kurekodia, peke yako, huku mwongozaji na fundi wa sauti wakikusikiliza. Kwanza unasikilizishwa mstari wa Kijapani, halafu milio mitatu yenye nafasi sawa, nawe unaanza kusema pale ambapo mlio wa nne ungelia. Hapa ndipo wageni wengi hukwama, kwa sababu macho yanapaswa kusoma maandishi na kufuata kinywa cha mhusika kwa wakati mmoja. Tuseme maandishi yanasema "I will not forgive you", yenye silabi sita, ilhali kinywa kinafunguka mara tano: ukisema "I won't forgive you" umepata tano, na hasira imebaki palepale. Usirekebishe bila kumwambia mwongozaji, kwani huenda neno ulilobadilisha linahitajika katika kipindi kijacho. Aidha, kwa kuwa vinywa vya katuni hizi mara nyingi hufunguka na kufumba tu, jambo la kuchunga zaidi ni mwisho wa mstari, sauti isije ikaendelea ilhali midomo imekwisha kufumbwa.

Omba makelele ya vita yaachwe hadi mwisho wa kipindi cha kurekodi, ili koo lisikwame kabla ya mazungumzo. Kunywa maji, na ukiweza utafune tofaa la kijani, linalopunguza vile vimilio vya mate ambavyo maikrofoni haivisamehi.

Malipo huhesabiwa kwa saa, ndiyo maana wengi wetu tuna kazi nyingine. Kabla ya kutia saini, uliza kama mkataba uko chini ya chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hizi haiko, na mwanachama haruhusiwi kuzifanya.