Jinsi ya kukagua rekodi ya alama za akedi kabla ya kuiweka kwenye jedwali

Ukikabidhiwa uamuzi wa jedwali la alama za michezo ya akedi, ile ya mashine za kutumbukiza sarafu, usianze kwa kuwinda matapeli. Rekodi nyingi ninazozikataa hutumwa na watu waaminifu waliocheza kwa mpangilio usioruhusiwa, na mtu kama huyo ukimwita mwizi harudi tena. Utaratibu ninaoufuata kwa rekodi za MAME, programu ya kompyuta inayoigiza mashine hizo, huanza na ukaguzi wa dakika mbili na kuacha ule wa saa tatu uwe wa mwisho. Mara nyingi huko mwisho hufiki.

Hatua ya 1: Andika kanuni za kila mchezo peke yake

"Usidanganye" si kanuni. Taja seti ya ROM (faili za mchezo zilizonakiliwa kutoka kwenye mashine), toleo la MAME, idadi ya maisha, alama zinazoleta maisha ya ziada, kiwango cha ugumu na mbinu zilizokatazwa. Seti ya ROM hupuuzwa sana, kumbe dkong ni Donkey Kong ya Marekani na dkongj ni ya Japani, na hatua zake hazifuatani kwa mpangilio mmoja. Nayo pacmanf ni Pac-Man iliyochokonolewa ili mhusika akimbie zaidi. Alama za seti tofauti hazikai kwenye jedwali moja.

Kazi ngumu iko kwenye mbinu. Katika Galaga, ukiwaacha hai wadudu wachache wa upande wa kushoto na kuwakwepa kwa dakika kadhaa, maadui wote huacha kurusha risasi. Hakuna aliyegusa faili. Ni hitilafu ya mchezo wenyewe. Mimi naikataza, kwa sababu baada ya hapo kinachopimwa ni uvumilivu tu. Pac-Man nayo ina kona ambayo ukiingia vizuri mizuka haikuoni, na wachezaji huitumia kupumzika. Hiyo nairuhusu, maana anayejificha hapati hata alama moja. Unaweza kuamua tofauti na mimi, ila uamuzi uwe umeandikwa kabla rekodi ya kwanza haijafika.

Hatua ya 2: Dai faili ya INP

Faili ya INP haina picha. Ina vibonyezo vya mchezaji, fremu kwa fremu (yaani kwa kila picha moja ya skrini), na MAME huucheza mchezo upya kwa kuvifuata. Pac-Man na Donkey Kong hutoa takribani fremu 60.6 kwa sekunde, kwa hiyo video ya fremu 30 imeshatupa nusu ya ushahidi.

Waelekeze wachezaji watumie WolfMAME, lahaja ya MAME iliyotengenezwa kwa ajili ya kurekodi. Inazima kusitisha mchezo, kurudia hali iliyohifadhiwa na kodi za kudanganyia, mambo ambayo MAME ya kawaida ingeyaachia. Amri yenyewe ni hii:

mame dkong -record mchezo.inp -nvram_directory tupu

Folda "tupu" iwe tupu kweli. Kuna michezo inayotunza mipangilio na alama za zamani kwenye kumbukumbu yake. Ikianza na mabaki hayo kwa mchezaji na bila mabaki kwako, rekodi itapotea njia, yaani vibonyezo havitaendana tena na kinachotokea kwenye skrini.

Kwa mashine halisi hakuna INP, hivyo dai video isiyokatwa inayoonyesha skrini, mikono na swichi za ndani. Mwaka 2018 Twin Galaxies, shirika linalotunza rekodi za michezo ya video, iliondoa alama za Donkey Kong za mchezaji maarufu Billy Mitchell baada ya wachunguzi kutazama jinsi jukwaa linavyojichora hatua inapobadilika, kwa hoja kwamba picha ile haikutoka kwenye bodi ya mashine halisi. Mitchell alikana na kuishtaki Twin Galaxies, na kesi ikaisha kwa mapatano Januari 2024. Mzozo wa miaka kama huo ndio gharama ya kukubali mkanda usioonyesha mashine.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kutazama

Alama za Donkey Kong huenda kwa mafungu ya 100, za Pac-Man kwa 10. Namba isiyogawanyika hivyo imekosewa kuandikwa, au imebuniwa.

Chunguza pia dari ya mchezo, yaani alama za juu kabisa zinazowezekana. Pac-Man inaishia 3,333,360, lakini hiyo ni kwa maisha 5 pamoja na 1 la ziada. Hatua ya 256, ambayo nusu yake ya kulia imevurugika, ina nukta 9 upande huo zinazorudi kila unapokufa, kila moja alama 10. Ukianza na maisha 3 na kupata 1, unakosa mizunguko miwili ya nukta hizo, na dari inashuka hadi 3,333,180. Mtu akileta alama kamili huku akisema alianza na maisha 3, kuna jambo la kumuuliza.

Hatua ya 4: Chezesha rekodi

mame dkong -playback mchezo.inp

Dirisha la amri litaonyesha tarehe ya faili na toleo lililotumika kurekodi. Linganisha na kanuni. Kisha hakiki mpangilio kwa macho, kwenye skrini: maisha mangapi mwanzoni, na la ziada limekuja kwenye alama ngapi. Katika Pac-Man angalia kama kuna hatua iliyoisha nukta zikiwa bado zimebaki, kwa sababu MAME ina swichi ya majaribio inayomwezesha mchezaji kuruka hatua nzima.

Mhusika akianza kugonga kuta ovyo, rekodi imepotea njia. Huo si ushahidi wa udanganyifu. Uliza toleo na seti ya ROM, ujaribu tena.

Hatua ya 5: Soma kasi

Mwishoni MAME hutaja wastani wa kasi ya kurekodia. Usiridhike nao. Katika mchezo wa dakika 180, dakika 3 zilizochezwa kwa nusu ya kasi hushusha wastani hadi karibu asilimia 99 tu, na dakika 3 zinatosha kuvuka sehemu iliyowashinda wengine. Faili hutunza kasi ya kila fremu, kwa hiyo itoe uitazame yote. Ukikuta mteremko, usijadili nia: kompyuta dhaifu na mkono mjanja huacha athari ileile. Kanuni iseme kasi ya chini kabisa, basi.

Hatua ya 6: Vibonyezo, pale tu penye shaka

Hati fupi ya Lua, lugha ya programu ambayo MAME inaielewa, inaweza kuandika hali ya vitufe kwa kila fremu wakati wa kuchezesha. Kidole cha mtu huyumba na huchoka. Kitufe kinachoshuka fremu 2 na kupanda fremu 2 kwa dakika kumi bila kukosea kinabonyezwa na kifaa. Tazama pia kushoto na kulia kwa pamoja, jambo ambalo kijiti cha mashine hakiwezi lakini kibodi inaweza.

Hatua ya 7: Toa uamuzi

Mwandikie mchezaji kanuni iliyovunjwa na namba ya fremu, umpe nafasi ya kujibu kabla hujatangaza. Kama rekodi ni ya rafiki yako, mpe mwamuzi mwingine aikague tangu hatua ya 3.