Mwanariadha wa Mbeya au Iringa anayelenga chuo cha Marekani

Kocha akikutaka, nafasi yako ya kudahiliwa inapanda, lakini barua ya kujiunga hatoi yeye. Ofisi ya udahili ndiyo inayoamua. Kocha hupeleka majina anayoyataka. Kwa hiyo muulize wazi: ofisi hiyo imeshaona matokeo yangu ya NECTA? Imesemaje?

Vyuo vya Divisheni ya 1 na ya 2 za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, vinaruhusiwa kutoa ufadhili wa michezo. Divisheni ya 3 haitoi, wala Ivy League (kundi la vyuo vinane, vikiwemo Harvard na Yale), ingawa ipo Divisheni ya 1. Huko msaada hufuata kipato cha familia, na Divisheni ya 3 hata matokeo ya darasani, ila neno la kocha kwenye udahili bado lina uzito mkubwa.

Jisajili mapema NCAA Eligibility Center, ofisi inayothibitisha kama unastahili kushindana. Wanadai masomo ya msingi 16 ya sekondari, na wastani wa alama (GPA, kati ya 4.0) wa 2.3 kwa Divisheni ya 1 na 2.2 kwa ya 2.

Panapoharibika zaidi ni muda wa mbio. Mbeya ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mita 5,000 za Uwanja wa Sokoine huwa za polepole kuliko za Dar es Salaam. Kwenye barua pepe kwa kocha taja muda, tarehe, uwanja, mwinuko na aina ya saa. Mita 100 zilizopimwa kwa saa ya mkono huongezewa sekunde 0.24 ili zilingane na saa ya umeme: 10.8 yako ni 11.04, na kocha anajua hesabu hiyo. Ambatisha video ya mbio nzima, isiyokatwa.

Wakala akitaka asilimia ya ufadhili, kataa. Kanuni za NCAA haziruhusu, na anayefungiwa ni wewe.